Pemba hadi Mtae: mwezi na maji ndivyo vinavyopanga safari ya picha

Watu wengi hukata tiketi kwanza, ndipo wakaangalia kalenda ya maji. Kwa safari ya picha za mandhari inayoanzia Pemba na kuishia Mtae, kijiji cha ukingoni katika milima ya Usambara Magharibi, huko ni kuanza mwisho. Ufukwe uleule wa Vumawimbi, kaskazini mwa Pemba, unaweza kukupa nusu kilomita ya mchanga uliolowa unaong'aa kama kioo, au ukanda mwembamba wa mchanga mkavu wenye mwani uliooza. Tofauti yake ni siku gani ya mwezi umefika.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukirudi nyuma siku nne au tano kabla ya mwezi mwandamo, kupwa kwa maji kunaangukia jua linapochomoza na tena linapozama. Siku hizo maji hayatoki mbali kama siku za bamvua lenyewe, lakini yanatoka wakati wa mwanga mzuri, na hilo ndilo la maana.

Mbona tusichague siku nne kabla ya mwezi mpevu, ikiwa maji ni yaleyale? Kwa sababu ya usiku. Kabla ya mwezi kuandama, kipande cha mwezi kilichobaki huchomoza kuelekea alfajiri, na jioni yote anga inakuwa giza. Kuanzia Machi hadi Oktoba kitovu cha Njia ya Maziwa huonekana vizuri kutoka latitudo ya nyuzi 5 kusini. Juni na Julai, karibu na saa sita usiku, huwa juu sana upande wa kusini, na Pemba kaskazini haina taa nyingi za kukuharibia. Kwa hiyo ratiba tunayoipendekeza ni usiku wanne Pemba kuanzia siku tano kabla ya mwezi mwandamo, siku moja ya kuvuka, kisha usiku tatu au nne mlimani, ambako maji hayana neno na giza bado lipo.

Kuhusu msimu, chagua kati ya Juni na mwanzo wa Julai, au Januari na Februari. Baada ya masika hewa ya bara imeoshwa na milima ni ya kijani, ila Mkondo wa Pemba huchafuka kwa kusi. Januari na Februari ni joto, na ufukwe unaotazama kaskazini-mashariki hupokea kaskazi usoni. Hapo ndipo povu na mawimbi yanapopatikana, kama unayataka. Agosti na Septemba uwanda wa chini ya Usambara huwa na vumbi na moshi wa mashamba, na picha za mbali hufifia.

Pemba, kaa kaskazini, eneo la Konde na rasi ya Kigomasha. Rasi ni nyembamba: Vumawimbi upande wa mashariki kwa macheo, Verani upande wa magharibi kwa machweo, na mnara wa taa nchani. Kutoka Konde njia inapita katikati ya msitu wa Ngezi, na gizani ni polepole, hivyo ondokeni mapema. Karibu na ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima. Linasogea nyuzi 15 kwa saa, maana yake kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 24 tu. Aliyezoea jioni ndefu za Ulaya atakuwa bado anafunga filta wakati rangi imeshakwisha. Tripodi iwe imesimama na fremu imeshachaguliwa dakika 40 kabla ya jua kuchomoza au kuzama.

Kwenye mchanga, kundi hujiharibia lenyewe. Watu sita wakitembea ovyo kwa dakika tano, hakuna tena mchanga safi wa kupiga. Kiongozi achore mstari kabla ya yeyote kuteremka: mbele yake hapaingiwi, wote wanatembea nyuma ya tripodi, na kundi linasogea kuelekea upande mmoja tu wa ufukwe. Zaidi ya watu sita, hata mstari hausaidii.

Miguu ya tripodi izamishwe mchangani kwa kusukumwa, si kuwekwa juu tu. Wimbi likirudi hula mchanga chini ya mguu, tripodi inazama milimita chache, na picha ya sekunde kadhaa inatoka na kivuli maradufu. Subiri mawimbi mawili yaitulize, ndipo ubonyeze. Kwa michirizi ya maji yanayorudi baharini, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya robo sekunde hadi sekunde moja inatosha. Bonyeza wimbi linapoanza kurudi, si linapokuja. Kwa filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), sehemu moja ya 60 ya sekunde inakuwa takriban sekunde 1. Ya stopu 10 inaifanya kuwa kama sekunde 17, na bahari inageuka kuwa moshi. Wageni wengi huipenda hiyo. Kwetu, Vumawimbi bila umbo la wimbi ni ufukwe wowote ule. Ngalawa ikiwa ndani ya fremu, sahau filta: chombo kinachosukwasukwa kinataka sehemu moja ya 250 ya sekunde au kasi zaidi.

Mchanga mweupe huidanganya kamera. Kipima mwanga chake huchukulia kila kitu kuwa kijivu cha wastani, kwa hiyo ongeza kati ya 0.7 na stopu 1, kisha tazama histogramu, grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, si kioo cha nyuma ambacho juani hakionyeshi ukweli.

Mafungu ya mchanga yanahitaji heshima zaidi kuliko mawimbi. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa saa sita za kujaa katika sehemu 12: saa ya kwanza sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maji yakipanda mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, na mtu anajiona salama. Saa ya tatu ni sentimita 90. Tena hayaji kutoka mbele unakoelekeza lenzi, yanajaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, kati ya fungu na pwani. Saa moja na nusu baada ya maji kupwa kabisa, kundi zima liwe limeanza kurudi, hata kama mawingu ndiyo kwanza yanaiva.

Misali ni kinyume cha haya yote. Boti huondoka Wesha, karibu na Chake Chake, na kisiwa kiko ndani ya eneo la hifadhi, hivyo kuna ada ya kuingia. Usijisumbue kutafuta mwanga wa alfajiri huko. Buluu na kijani vya maji huonekana jua likiwa juu, saa nne hadi saa nane, linapopenya hadi mchanga wa chini. Filta ya polaraiza, inayopunguza mng'ao, hufanya kazi pale. Izungushe polepole na uache kabla mng'ao wote haujafutika, maana maji yasiyo na mng'ao hata kidogo huonekana kama plastiki. Kwa lenzi pana chini ya milimita 24 iondoe, la sivyo anga inatoka na doa jeusi upande mmoja.

Mashamba ya mwani nayo ni ya mchana, siku za bamvua maji yanapotoka mbali. Anayetaka mistari ya vigingi na kamba aongeze siku moja mwishoni mwa kipindi cha Pemba. Kamba zile ni kazi ya watu, wengi wao kina mama. Mtu mmoja akikanyaga kamba kwa ajili ya fremu, amekata kipato. Kiongozi aende kwanza peke yake, asalimie, aeleze, aombe ruhusa, na makubaliano ya malipo yaishe kabla ya kamera kutoka mkobani. Shikamoo inafungua milango kuliko lenzi ya bei yoyote. Mavazi yafunike mabega na magoti, na Ramadhani chakula cha kundi kiliwe ndani ya gari au hotelini.

Baada ya kila kipindi cha baharini, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji ya kunywa yasiyo na chumvi, kilichokamuliwa sana, kisha kikavu. Kitambaa kikavu peke yake husugua chembe za chumvi kwenye rangi na kioo. Tripodi ifunguliwe vipande, isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke ikiwa wazi. Wanaoikunja ikiwa mbichi hukuta skrubu zimeganda wakifika Lushoto. Usilaze kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi: ukitoka nayo alfajiri lenzi inajaa ukungu na inachukua hadi nusu saa kusafika, na nusu saa ndiyo macheo yote. Ikibidi, iache ndani ya mkoba uliofungwa, na mkoba utangulie kutoka nje. Vijifuko vya silika, vya kufyonza unyevu, ndani ya mkoba havigharimu kitu.

Kuvuka kwenda Tanga panga siku nzima na usiweke ahadi nyingine. Meli ya Pemba na Tanga haiendi kila siku na ratiba hubadilika. Ndege ndogo hufika haraka, lakini kwa kawaida huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, ndani ya mkoba laini. Lenzi ndefu ya milimita 70–200, tripodi ya chuma na kompyuta vinamaliza nusu ya hizo kabla hujaweka shati. Bandarini na viwanjani kamera ikae mkobani. Droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na ruhusa nyingine za serikali usiibebe kabisa, na kumbuka Zanzibar ina taratibu zake. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo wageni hupenda kufunikia kamera, imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Leteni mfuniko wa mvua wa kitambaa.

Kutoka Tanga ni lami hadi Mombo, kupitia Segera na Korogwe, kisha kilomita 33 za kona kupanda Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Njia hiyo ipandwe mchana. Mvua ikinyesha mawe hushuka barabarani.

Lushoto, lenzi zinabadilika. Ile pana iliyofanya kazi yote Pemba sasa inafanya milima kuwa mistari midogo isiyo na uzito. Chukua 70–200, tafuta matuta matatu au manne yaliyopangana, na uyabane. Genge la Irente liko kilomita chache kutoka mjini na linatazama uwanda wa chini upande wa magharibi, karibu kilomita moja kwenda chini. Ni la jioni. Kila mtu abaki mita mbili kutoka ukingoni, na mkoba uning'inizwe chini ya tripodi ukigusa ardhi, maana mkoba unaobembea kwa upepo ni mbaya kuliko kutokuwa nao.

Ukungu ndio uliowaleta watu, na una kanuni yake. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki na kusini, hewa inapoa na kugeuka mawingu. Kingo za magharibi na kaskazini, Irente, Mambo na Mtae, ziko upande wa pili, ambako hewa inashuka na kukauka. Hivyo asubuhi moja Magamba, msitu ulio karibu na Lushoto, inaweza kuwa imefungwa huoni mti wa pili, na Mtae wingu likawa linamwagika juu ya tuta na kuyeyuka kabla ya kufika chini. Ukiamka ndani ya ukungu mzito usilale tena. Ingia msituni Magamba, piga miti, ongeza stopu 1 hadi 1.3 ukungu uwe mweupe na si kijivu, kisha endesha kuelekea ukingoni.

Mtae ilaliwe huko huko. Kutoka Lushoto ni saa mbili na nusu hadi tatu, sehemu kubwa udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza hata kwa gari la kuvuta magurudumu yote, na hakuna anayefika kwa macheo akitokea mjini. Kijiji kiko juu ya tuta, chini yake Mkomazi, milima ya Upare pembeni. Asubuhi safi Kilimanjaro huonekana kaskazini-magharibi, zaidi ya kilomita 150. Jua la asubuhi linaipiga kutoka ubavuni, na hapo ndipo theluji inapotofautiana na wingu. Tumia milimita 200 au zaidi, zima kizuia mtikisiko ukiwa kwenye tripodi, bonyeza kwa rimoti au kwa kuchelewesha sekunde 2. Ikifika saa tatu asubuhi joto la uwanda linaanza kuitikisa hewa, na hakuna lenzi itakayokupa ukali. Siku mbili Mtae ni kiwango cha chini. Siku moja ni bahati nasibu.

Juni na Julai beba koti zito, kofia na betri za akiba ndani ya mfuko wa shati, kwani baridi hupunguza chaji. Mwongozaji wa kijijini alipwe kwa siku nzima, si kwa kituo, ili asiwe na sababu ya kukimbiza kundi wingu linapochelewa. Kiasi kijulikane tangu jioni ya kwanza, pamoja na cha dereva atakayeamka saa kumi alfajiri.