Joto la nanomita halifuati jedwali

Jedwali la sifa za vitu linasema upitishaji joto wa silikoni ni wati 148 kwa mita kwa kelvini. Uzi wa silikoni wenye kipenyo cha nanomita 22 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), uliopimwa mwaka 2003, haukufika hata 10.

Kinachobeba joto ndani ya silikoni ni mitetemo ya atomu, yaani fononi. Katika joto la kawaida, karibu nusu ya joto hubebwa na fononi zinazosafiri takriban maikromita moja (nanomita 1,000) au zaidi kabla ya kugongana. Ndani ya uzi mwembamba zinagonga kuta kwanza. Boda iwe na injini nzuri vipi, ikiingia Kikuubo, uchochoro wa biashara wenye msongamano mjini Kampala, saa sita mchana mwendo wake unaamuliwa na uchochoro.

Kwa hiyo, kabla ya kukokotoa, gawanya umbali ambao fononi husafiri kabla ya kugongana kwa ukubwa wa kitu chako. Ukipata chini ya 0.1, kanuni ya Fourier, ile ya kawaida ya kukokotoa joto kwa namba ya jedwali, inatosha. Ukivuka 1, iache.

Kisha kuna mipaka ambapo vitu viwili vinagusana, ambayo wengi huisahau. Mwanafizikia Pyotr Kapitza aliona mwaka 1941 kwamba halijoto huruka ghafla kati ya shaba na heli ya kimiminika. Chukua mpaka unaopitisha wati milioni 100 kwa mita ya mraba kwa kelvini: ukinzani wake ni sawa na wa silikoni nene ya maikromita 1.5! (Pesti anayopaka fundi wa laptopu, yenye unene wa maikromita 50 na upitishaji wa wati 5 kwa mita kwa kelvini, inazuia joto mara elfu kuliko mpaka huo, lakini hiyo iko nje ya chipu; haigusi tatizo la ndani.)

La ajabu zaidi ni msongamano. Watafiti wa Boulder, Colorado, walionyesha mwaka 2015 kwamba vistari vyembamba vya nikeli vyenye moto, vilivyo juu ya kitu kingine, vikikaribiana hupoa haraka kuliko vikitengana. Kistari kilicho peke yake hakitumii vizuri fononi za masafa marefu, kwa kuwa hazigongani karibu nacho. Majirani wakisogea, fononi zao zinagongana, na kundi zima linapoa kama chanzo kimoja kikubwa.

Hapo ndipo kosa la kawaida linapoingia: mtu anapima upitishaji kwa upana mmoja, halafu anautumia kwa nafasi nyingine yoyote kati ya vistari. Namba hiyo ni ya umbo lile tu. Shikilia upana, badilisha nafasi, pima upya.