Siku AI iliposema kuna kimbunga nyumbani

Ile sensa ya kupimia hewa, BME280, ilikuwa imekaa kibarazani siku nyingi tu, waya nne zimeingia kwenye ESP32, kale kachipu kenye waifai, inapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa na kurusha namba zake kwa MQTT, njia nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe, kwenda kwenye kikompyuta kidogo ndani, na hakuna aliyekuwa anaziangalia zaidi yangu mimi. Ndo nikasema ngoja niiunganishe na AI ya kuchati ili mtu yeyote hapa nyumbani aulize tu kwa maneno yake.

Kabla ya hapo nilishaijaribu kavukavu, nikaiuliza nje kuna joto kiasi gani, ikanijibu bila wasiwasi digrii 27. Imeitoa wapi? Hewani, tena siyo hewa ya kibarazani kwetu.

Kuunganisha kwenyewe wala siyo kazi kubwa. Nilitumia MCP, ule utaratibu wa wazi wa kuunganisha AI na programu nyingine uliotoka Novemba 2024, unaandika programu ndogo ya kusoma namba ya mwisho halafu unaiambia AI kwa sentensi moja mbili kwamba kuna kitu kinaitwa soma_hewa na kinafanya nini. AI haigusi waya wala waifai. Inaomba tu soma_hewa iitwe, programu yako inakimbia kuleta namba, yenyewe inazisoma na kukuandikia jibu.

Basi mama akapita, "Mwanangu, hebu niulizie hilo lidude lako, nguo nianue au niache?" Nikauliza. Joto 24, unyevu asilimia 61, safi kabisa, afu ikaendelea kwamba mgandamizo ni 846, chini hata ya kimbunga Tip cha mwaka 1979 kilichofika 870, rekodi ya dunia, kwa hiyo tutafute haraka sehemu salama.

Mama akachungulia dirishani, jua linawaka. "Haya, tukimbilie wapi?"

Nilicheka mpaka basi, ila ukiangalia vizuri jamaa hakuwa mjinga. Namba ilikuwa sahihi na rekodi ya Tip ni kweli, sema ile 870 imehesabiwa kwa usawa wa bahari na sisi tunaishi juu, kama mita 1,500, na huku juu 846 ndo hali ya kawaida kabisa. Sensa yenyewe haijui imewekwa wapi, AI ndo kabisa. Nikaongeza kwenye yale maelezo kwamba namba ya mgandamizo ni kwa kipimo cha hektopaskali, ni ya hapahapa, haijarekebishwa, na mwinuko wetu ni huu. Swali lilelile, ikapiga hesabu yake ikaja na 1014 hivi, kimbunga kikaisha.

Jioni AI ikaanza tena, eti mgandamizo unashuka, mvua inakuja. Kumbe hewa ina kupwa na kujaa kwake kila siku, inapanda mida ya saa nne na kushuka mida ya saa kumi, mchana na usiku, na nchi za joto ndo unaona wazi zaidi. Hapo ikabidi niipe kitu cha pili, namba za jana saa kama hiyo, iwe inalinganisha kwanza ndo iongee.

Maelezo yale sasa ni marefu kuliko programu yenyewe. Juzi nimeongezea kwamba kibaraza kinapigwa na jua la mchana, joto la saa tisa isiliamini sana.