Vimiti vya juu Bondwa, na tatizo la tepu

Kila nikiposti picha za juu ya Bondwa, kilele cha milima ya Uluguru hapa Morogoro, lazima atokee mtu aandike "mbona huko hakuna msitu, vichaka tu". Namwelewa kiasi, manake ukipanda kutokea Morningside unapita kwenye miti ambayo lazima ukunje shingo ndo uone kilele, afu ukikaribia juu kule kwenye minara, mita 2,100 hivi, ghafla miti inafika mita tano sita tu, imepinda, imelala upande, mingine unaikanyaga ukidhani ni mizizi.

Lakini ile ni miti mizima jamani, sio michanga. Mingine ina umri wa kutosha na inatoa maua na mbegu kama kawaida. Kilichoifupisha ni mambo mengi kwa pamoja na wataalamu wenyewe bado wanabishana lipi ndo kubwa: upepo wa kwenye mgongo wa mlima, baridi, mawingu yanayokaa humo sehemu kubwa ya siku hadi majani hayakauki, na udongo umeloa na una asidi kiasi kwamba majani yaliyodondoka yanachukua muda sana kuoza, kwa hiyo chakula cha mti ni kidogo. Na sio urefu wa mlima peke yake, kwa sababu Kilimanjaro kwenye mita hizohizo 2,100 unakuta miti ya mikulo mikubwa kabisa. Uluguru ni milima midogo na iko karibu zaidi na bahari, wingu linatua chini mapema.

Sasa tuje kwenye aina za miti, hapa ndo nina ugomvi. Ni kweli ukipanda mlima aina zinapungua, hilo silikatai. Ila angalia watu wanavyohesabu: mara nyingi unachukua ploti (kipande cha msitu ulichokipimia mipaka), unapima kwa tepu kipenyo cha kila shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, na shina lisipofika sentimita 10 halihesabiwi. Huku chini sawa. Kule juu shina limegawanyika matano kabla hata halijafika hiyo mita 1.3, au limelala halafu likainuka tena mbele, na mti mzima uliokwisha zaa una unene wa mkono wa mtoto. Kwa hiyo unapima ploti nzima unaondoka na podo chache na Syzygium (ndugu zake mzambarau na mkarafuu hao, hata majani ukiyaangalia utahisi undugu), halafu unaandika msitu maskini wa aina. Umaskini mwingine umeletwa na tepu. Mi ningeshusha kipimo hadi sentimita 2 au 3, ploti iwe ndogo, na kila shina lihesabiwe hata kama inachosha, na itachosha kweli.

Na hata hapo bado umehesabu mti tu, hujagusa vilivyoota juu yake. Shika tawi moja pale, gome hulioni kabisa, ni kuvumwani tupu, okidi vidogo vya ajabu, ukibonyeza maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Kuna mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, aliyefanya kazi Morogoro miaka ya 70, alivipima hivi vitu hukohuko Bondwa: kwenye msitu mfupi vilikuwa karibu tani 14 kwa hekta, wakati msitu mrefu wa chini ulikuwa na tani 2 na kidogo. Na mvua ikinyesha mara moja hekta moja ya juu inaweza kushika hadi lita 50,000, maji ambayo yanaachiwa taratibu badala ya kuporomoka. Mito ya Uluguru ndo inaulisha mto Ruvu, na Ruvu ndo Dar inakunywa, so wewe wa Kimara unayeniambia vichaka, hebu fungua bomba kwanza ndo tuendelee kubishana.

Anayetaka kwenda aende asubuhi sana, koti la mvua muhimu, na utelezi usiuchukulie poa. Kama kuna mtu wa misitu humu amewahi kupima kwa sentimita 3 kule juu anitumie orodha yake, naitaka kweli.