Nilivyoipata Pwani kwenye kiuwanja cha nyuma ya nyumba, London

Naishi London mashariki, nyumba zetu hizi zilizoungana ukuta kwa ukuta, na nyuma kuna kiuwanja kidogo tu, kama mita tano kwa saba hivi, fensi ya mbao pande mbili na ukuta wa tofali upande wa tatu. Ukija mwezi wa saba unakuta migomba imeshapita fensi, magimbi yamejaa kwenye ndoo, mnyonyo mwekundu umesimama kwenye kona na nyumba za nyuma huzioni kabisa, ukikaa kwenye mkeka na chai yako unaweza kusahau kwamba treni inapita mtaa wa pili. Mimi mtu wa Tanga, na nimeona niandike nilivyofanya maana najua wenzangu wengi huku Ulaya wana viuwanja hivihivi vimemwagwa simenti na pipa la taka, wanaamini kijani cha kwetu huku hakiwezekani. Kinawezekana kabisa.

Jambo la kwanza lililonifungua macho ni kwamba usitafute mti wa nyumbani, tafuta jani la nyumbani. Mnazi wenyewe usijisumbue, nenda Kew Gardens, ile bustani kubwa ya mimea hapa London, uone, wamejenga jumba zima la vioo miaka ya 1844 mpaka 1848 kwa ajili ya michikichi na mimea ya joto, ndani kunapashwa moto muda wote, ukiingia na miwani inajaa ukungu hapohapo. Sasa wewe na bili ya gesi ya nyumba ya kawaida utashindana na hilo? Lakini toka nje ya lile jumba, tembea bustanini, utakuta mti wa jamii hiyohiyo umesimama kwenye upepo wala haujali. Nikajiuliza kumbe hii imetoka wapi? Imetoka China, milimani, kwenye baridi. Ndio siri yote hiyo, dunia ina mimea mingi tu yenye majani mapana na makuti lakini asili yake ni kwenye ubaridi wa China, Japani, Taiwan, Tasmania, na macho yako hayajui tofauti, yakiona jani kubwa linacheza na upepo yanakwambia uko kwenu.

Dukani huku angalia kile kikaratasi kwenye chungu, mara nyingi wameandika herufi H na namba. Huo ni mpangilio wa chama cha bustani cha Waingereza, RHS, unaanzia H1 ambayo ni mimea ya ndani mpaka H7 ambayo hata nyuzi 20 chini ya sifuri haiogopi. H5 maana yake inavumilia mpaka kati ya 10 na 15 chini ya sifuri, na London kwa miaka mingi haifiki huko. Kwa hiyo mgongo wa bustani yako, ile mimea ya kudumu, chukua H4 na H5, halafu vile vya joto zaidi viwe wageni wa kiangazi tu, vikija mwezi wa tano mwishoni vinaondoka mwezi wa kumi.

Mgongo wa kwangu ni mti mmoja wa jamii ya mnazi, Trachycarpus fortunei, hao wenyeji wanauita Chusan. Jina hilo fortunei ni la Robert Fortune, Mskoti aliyetumwa China karne ya 19 kutafuta mimea, ndiye huyohuyo aliyetorosha miche ya chai kupeleka India. Majani yake ni ya kupepea kama mkoche, na shina limefunikwa nyuzi za kahawia, ukizishika mkononi ni makumbi kabisa, mara ya kwanza nilisimama pale dukani nazipapasa tu. Haufungwi, haufunikwi, theluji ikianguka naukung'uta majani kwa mti wa fagio basi. Unakua polepole ndio maana mrefu bei yake inatisha, mimi nilinunua mfupi wa kiunoni nikaupanda mbele ya ukuta wa tofali na nikausubiri.

Mgomba sasa. Kuna mgomba mmoja tu wa kuuamini nje huku na unaitwa Musa basjoo, asili yake kusini mwa China ingawa watu wanauita wa Kijapani. Ndizi zake hazifai kula, ni vidole vidogo vimejaa mbegu, lakini jani ni jani la mgomba kwelikweli. Na kiangazi cha huku kina kitu ambacho Tanga hakuna, mchana mrefu, mwezi wa sita jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na magharibi inaingia saa tatu na ushee usiku, mmea unapata mwanga zaidi ya saa kumi na sita kwa siku moja. Ukiupa maji na mbolea ya kuku (zinauzwa zile punje kavu kwenye ndoo, zinanuka ukimwaga lakini siku mbili harufu imekwisha) unatoa jani jipya karibu kila wiki. Naamka asubuhi nakuta lile jani limejisokota juu, kijani cha kung'aa, jioni limeshaanza kujikunjua kutokea kwenye ncha.

Kazi yake ni kipupwe. Watu wengi wanafikiri baridi ndio inaua mgomba, mimi naona baridi ikishirikiana na maji ndio inayoua. Sakitu (umande ulioganda kuwa barafu) ya kwanza ikipiga, kawaida mwezi wa kumi na moja, majani yanageuka meusi usiku mmoja, usishtuke, hayo yameshamaliza kazi. Nakata majani yote nabakisha shina, nazungushia waya wa kuku kama pipa kulizunguka lile shina nikiacha nafasi kiganja kizima pande zote, halafu najaza nyasi kavu za kutandikia wanyama, nashindilia kidogo sio sana maana hewa lazima ibaki, na juu naweka kipande cha plastiki ngumu kilichoinama ili mvua iteleze isiingie katikati. Usifunge na nailoni mwili mzima, shina litatoa jasho litaoza. Chini kwenye mizizi natandaza majani makavu unene wa shubiri nzima. Basi, nauacha mpaka mwezi wa nne unapoanza. Nikifungua ukiwa umeoza juu nakata kidogokidogo kwa kisu mpaka nione nyama nyeupe safi, na hata ukiisha mpaka ardhini, chini pale kwenye kisiki mwezi wa tano machipukizi yanatoka. Mgomba ni mgomba, mama ukimkata watoto wapo.

Mama yangu akipiga video kitu cha kwanza baada ya salamu ni migomba. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, haya nipeleke uani nione. Anaangalia kwa makini, anataka nisogeze simu mpaka kwenye shina, juzi kaniuliza, "Sasa hiyo isiyozaa unailisha ya nini?" Nikamwambia mama majani, nikamwonyesha sinia la wali nimetandika jani chini, nimelipitisha kwanza juu ya moto wa jiko mpaka likalainika na kutoa ile harufu. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi imezaa." Nilifurahi sana siku ile.

Jani la mpapai nimelipata kwa Fatsia japonica. Huu unauzwa kila mahali, bei yake ya kawaida, unakaa kivulini, kijani mwaka mzima, na majani yake mapana yenye vidole ukiyaangalia kwa mbali unasema papai hilo. Kama unaanza na una hela ya mmea mmoja nunua huo. Wapo wanaopanda Tetrapanax wa kutoka Taiwan, jani lake kubwa zaidi na linapendeza mno, ila unatambaa chini ya ardhi unaibukia kwa jirani na ule unga wake wa manyoya unawasha koo, kwa kiuwanja kidogo chenye watoto mimi sikuuweka. Hivyohivyo mianzi, kama lazima uwe nayo tafuta ile inayokaa kichaka kimoja, Fargesia, au ipande kwenye tangi la bati lenye matundu chini, ile ya kutambaa ikishaingia ardhini inakuletea kesi na majirani.

Magimbi nanunua kwenye soko la chakula, sio duka la mimea. Queen's Market pale Green Street yanauzwa kwa kilo, chagua yale yenye kikonyo cha pinki kinachoonekana kiko hai, mwezi wa tatu yaweke ndani kwenye chungu dirishani kwenye joto, na mwezi wa tano mwishoni yatoe nje ukaweke chungu ndani ya beseni la maji, magimbi yanapenda miguu ikae majini. Kwa bei ya mboga unapata majani ya upana wa sinia. Mwezi wa kumi nachimbua, nakausha, naweka kwenye boksi la majani makavu ndani. Mnyonyo nao ni mbegu, nauotesha ndani mwezi wa nne, ile aina nyekundu. Kwetu unaota wenyewe kwenye viwanja visivyo na mwenyewe na hakuna anayeugeukia, huku wanauuza kama pambo na kwa kweli ukiwa na jua nyuma yake lile jani jekundu ni zuri haswa. Ila mbegu zake ni sumu kali, mimi mashada yote ya maua nayakata kabla hayajafunga, sina mchezo na hilo.

Halafu kuna mgomba mwitu wa Kiafrika, Ensete, ule wa majani yenye wekundu wa damu ya mzee. Asili yake milima ya kwetu Afrika Mashariki na Ethiopia, na Waethiopia wanakula shina na kisiki chake, wanachachusha wanatengeneza mkate wa kocho. Huu hauvumilii sakitu hata kidogo, na kila mwaka kabla haijapiga nauchimbua mzima, nakata majani yote isipokuwa ule ulimi wa katikati, nakung'uta udongo, nauegemeza kichwa chini miguu juu siku kadhaa maji yote yatoke shinani, ndio nauweka kwenye banda umefungwa gunia. Unakaa humo mkavu kimya hauna jani, na mwezi wa nne ukirudi kwenye chungu ukapewa maji unasukuma jani kutoka katikati. Ni mzito, mwite mtu akusaidie.

Kwenye kupanga, watu wenye kiuwanja kidogo wanakimbilia mimea midogo midogo, mimi nakwambia kinyume chake. Mimea midogo inaonyesha udogo wa sehemu, inakuwa kama rafu ya dukani. Weka mirefu mbele kidogo, sio yote imebanwa kwenye fensi, ili mtu akitoka jikoni asione mwisho wa ua kwa jicho moja, apite chini ya jani kwanza ndio aone pengine. Mimi katikati nimeacha kinjia cha kupindapinda cha upana wa mtu mmoja na kibaraza cha kukalia mwishoni, na fensi nimeipaka rangi nyeusi, inapotea kabisa nyuma ya kijani. Ule ukuta wa tofali ndio mali, unanyonya jua mchana unarudisha joto usiku, vya joto zaidi vyote nimevipanga hapo.

Udongo wa London ni mfinyanzi, kipupwe unashika maji na kiangazi unapasuka nyufa, kwa hiyo nilichanganya mboji nyingi na kokoto ndogo kabla ya kupanda chochote, hiyo ndio kazi ngumu kuliko zote na hakuna njia ya mkato. Na maji yafikirie mapema. Mwaka 2022 ulitupa yote mawili, Julai 19 pale Heathrow joto lilifika nyuzi 40.2, vyungu vilikuwa vinakauka asubuhi mpaka adhuhuri, halafu Desemba ya mwaka huohuo theluji ikaanguka na baridi ikakaa siku mfululizo, bustani nyingi za namna hii zilipoteza mimea. Kwangu iliyosimama ni ile ya H5 na ile iliyofungwa nyasi kavu. Baada ya pale nimeweka pipa la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati la banda na vyungu vyote nimebadilisha vikubwa, kidogo kinakauka haraka mno.

Harufu nusura niisahau na Pwani bila harufu ni picha tu. Asumini yenyewe ya kutungia kikuba nje huku haiponi kipupwe, nimeiweka dirishani ndani pamoja na mrehani. Nje kwenye fensi nimepandisha Trachelospermum, sio asumini halisi ila maua yake meupe madogo mwezi wa sita na wa saba jioni yananukia mpaka jikoni, na majani hayapukutiki.

Mwisho kwa wale ambao ua wao hauoni jua kabisa, msikate tamaa mkaacha simenti. Sahau mnyonyo, weka Fatsia mbili tatu, makangaga (ferns) ya kila aina, na hela ikiruhusu lile kangaga mti la Tasmania, Dicksonia, unamwagilia shina lenyewe sio chini tu, na kipupwe unauziba moyo wake kwa konzi ya nyasi kavu. Mgomba nao unaweza kwenda kivulini nusu, utakua taratibu zaidi lakini jani halichanwi na upepo. Nunua mwezi wa tisa, maduka yanapunguza bei maana hawataki kuvilaza, ila vya H5 ndio upande wakati huo, mgomba ukiupata kwa bei hiyo ukae ndani ya banda mpaka mwezi wa tano.