Zambarau ya shangazi

Sare ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, ilikuwa kitenge cha zambarau chenye maua ya rangi ya maziwa. Shangazi yake binti alinitandikia kipande mezani, nyumbani kwangu Chang'ombe, Dodoma. "Mwanangu, nataka shanga zifanane na hii. Zisipishane hata kidogo."

Nilikuwa natengeneza shanga za udongo wa polima, ule unaookwa kwenye oveni kwa nyuzi joto 130 hivi. Zambarau ya dukani sikuwa nayo. Nyekundu niliyokuwa nayo ilielekea kwenye chungwa, na hiyo ukiichanganya na bluu unaambulia ugoro. Nikachukua pinki iliyokolea, nikawa naidonolea bluu, punje baada ya punje, maana bluu ni mlafi: ukizidisha kidogo tu, pinki huioni tena.

Rangi ya maziwa, yaani nyeupe na chembe ya njano, niliikanda kabla ya zote, mikono ikiwa bado safi. Mwezi wa saba Dodoma ni upepo na vumbi jekundu, na udongo mweupe hunasa kila kinachopita. Nilifunga madirisha, nikavua na sweta kwa sababu ya manyoya yake, baridi ikanipiga asubuhi nzima.

Nikaoka vipande vya majaribio: kimoja sawasawa na kitenge, kingine kilichopauka kidogo kwa kuwa moto huwa unakoleza rangi, na cha tatu chenye wekundu zaidi, karibu na damu ya mzee. Hicho nilikitia kwa kujifurahisha tu.

Shangazi alivikusanya akatoka navyo nje, juani. Hakuvishika kwenye kitenge. Alimwita binti akaviweka shingoni pake, kimoja kimoja. Kile kinachofanana na sare akanirudishia.

"Hiki kinapotea."

"Lakini shangazi, si ulisema zisipishane?"

"Nilisema kabla sijaona. Siku hiyo kutakuwa na ngoma ya muheme, watu wamejaa uwanja mzima. Shanga asiyeiona aliyesimama nyuma ya ngoma ni ya nini?"

Binti akachomekea kwamba angependa na njano. Hakuna aliyemjibu.

Ikawa damu ya mzee, na ya maziwa ikitenganisha kila shanga mbili. Ilipendeza kuliko nilivyopanga, nakiri. Nilipotaja bei, shangazi akadai punguzo: rangi, alisema, kachagua yeye.