Nilivyojifunza kuisoma kutu ya bakuli moja

Niliingia masomo ya uzamili ya uhifadhi wa malikale nikitokea kemia. Kutu niliijua vizuri, pamoja na asidi inayoiyeyusha na muda inaochukua. Kwa hiyo nilipokabidhiwa kitu changu cha kwanza, bakuli la shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, lililofukuliwa ardhini zamani na kukaa stoo tangu hapo, nililiona ni kazi ya siku mbili. Lilinichukua muhula mzima, na nusu ya muhula huo sikuruhusiwa kulifanya lolote zaidi ya kuligeuza na kulitazama.

Karakana yetu ilikuwa na sharti moja lisilovunjwa: hakuna tiba kabla ya ripoti ya hali. Ripoti hiyo inaeleza kitu kilivyo leo. Kimetengenezwa kwa kitu gani na kwa namna gani, kimepasuka wapi, kuna aliyewahi kukikarabati kabla yako, na kati ya yote unayoyaona, ni lipi bado linaendelea kukila. Ripoti yangu ya kwanza haikujaza hata ukurasa. Niliandika: hali mbaya, kutu ya kijani kote, lisafishwe. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mbaya kivipi? Na kijani kipi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijaona kwamba kuna kijani zaidi ya kimoja.

Karibu wiki mbili nilikaa na swali hilo. Niliweka bakuli chini ya hadubini, nikalichora pande zote, kisha nikaanza kutia kila rangi mahali pake. Sehemu kubwa ilikuwa kijani kilichokolea, kigumu, kimeufuata mzunguko wa bakuli bila kuuvuruga. Hiyo ni kabonati ya shaba, imetulia, na mara nyingi uso wa asili wa chombo, pamoja na alama za fundi, umebaki ndani ya tabaka kama hilo. Ukilikwangua umeondoka nao. Palipobanduka ilionekana oksidi ya shaba, nyekundu inayoelekea kahawia. Halafu karibu na ukingo nikahesabu madoa sita ya kijani kilichopauka, kama unga. Niligusa moja kwa ncha ya sindano, likapukutika.

Hapo kemia yangu ilinifaa. Hali hiyo wahifadhi wanaiita ugonjwa wa shaba. Chumvi ya kloridi iliyotoka udongoni hujificha chini kabisa, imegusana na metali. Kukiwa kukavu, imelala. Ikipata unyevu na oksijeni, huzaa ule unga wa kijani pamoja na asidi, asidi inakula metali nyingine, inatokea kloridi mpya, na mzunguko unaanza upya. Nilichukua chembe ya unga, nikaiyeyusha kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa, nikadondoshea tone la nitrati ya fedha. Likatanda wingu jeupe. Kloridi ipo, na ilikuwa inafanya kazi pale stooni miaka yote hiyo bila mtu kuisikia.

Ripoti ya pili nayo ilirudi, safari hii kwa kosa ambalo mkemia hakutakiwa kulifanya. Nilipima bakuli kwa mashine ya eksirei inayotambua elementi, nikaandika asilimia za shaba, bati na risasi kana kwamba ndivyo fundi alivyozichanganya. Mwalimu alipiga mstari juu ya tarakimu zote. Mashine ile inasoma ngozi ya juu tu, na ngozi ya chombo kilichozikwa imepoteza shaba nyingi kwenda udongoni huku bati likibaki. Nilikuwa nimepima kutu, nikaiita bakuli. Niliumia, lakini alikuwa sahihi, na tangu hapo kila kipimo nakiandikia kimechukuliwa juu ya nini.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya kupiga picha kwa mwanga wa pembeni. Unazima taa za chumba, unaishusha taa moja mpaka inakaribia usawa wa meza, na mwanga unaparaza uso wa kitu kama jua la jioni juu ya shamba lililolimwa: kila tuta linatupa kivuli chake. Niligeuza bakuli kitako juu. Mahali pasipozidi ukucha wa dole gumba, ndani ya kutu niliyokwisha kuiandika "uchafu wa udongo", nikaona mistari imepishana, mmoja juu, mmoja chini. Nikavuta hadubini. Zilikuwa nyuzi.

Kitambaa chenyewe kilishaoza zamani sana. Ila chumvi za shaba huua vijidudu vinavyoozesha, na polepole huchukua nafasi ya uzi wenyewe, hadi unabaki umbo la uzi lililogeuka madini. Unaweza kuhesabu nyuzi kwa sentimita, unaweza kuona uzi ulisokotwa kuelekea upande gani. Kuna mtu alilifunga bakuli lile, au alililaza juu ya kitambaa, kabla halijaingia ardhini. Na katika mpango wangu wa siku mbili, kitako chote kilikuwa kiloweke kwenye asidi. Nilizima taa, nikakaa kwanza.

Ripoti ya tatu ilipita. Kuhusu tiba tulibishana sana darasani. Njia iliyozoeleka ni kulizamisha bakuli lote kwenye benzotriazoli ya asilimia 3 ndani ya ethanoli, nayo inashikamana na shaba na kuzuia kutu. Mimi niliomba tusizamishe, maana kesho atakuja mtu mwenye vifaa bora kuliko vyetu kuzichunguza nyuzi zile, na dawa yangu ingekuwa imeshaingia ndani yake. Wenzangu wawili waliona nauhatarisha ukingo. Bado naamini niliamua vyema.

Kwa hiyo nilitoa unga wa madoa yale sita tu, kwa kisu cha upasuaji chini ya hadubini, siku nne za kukwaruza kidogo kidogo. Dawa niliipaka kwa brashi ukingoni, nimevaa glavu, ndani ya kabati la kuvuta hewa kwa sababu si ya kuchezea. Juu yake nikapaka Paraloid B-72, utomvu wa akriliki usio na rangi, ambayo mhifadhi mwingine akitaka ataiyeyusha kwa asetoni. Lililobaki niliiachia hewa kavu: boksi lisilopitisha hewa, silika jeli iliyokaushwa ili inyonye unyevu, na kipimo cha unyevu ambacho hakitakiwi kuvuka asilimia 40. Niliendelea kukisoma kila Jumatatu hadi nilipohitimu. Madoa hayakurudi.

Kwenye lebo ya boksi, chini ya namba ya usajili na tarehe ya kubadilisha jeli, niliandika kwa herufi kubwa: USILILOWESHE. KUNA KITAMBAA KITAKONI.