Kuongeza RAM kwenye laptop: tofauti ipo kweli

Jamani wenye laptop za RAM ya 4GB (RAM ni ile kumbukumbu ya muda inayobeba programu ulizofungua), tofauti ipo na utaiona siku hiyohiyo. Yangu ilikuwa na 4 nikaongeza kijiti cha 8 kwenye sloti iliyokuwa wazi, jumla 12, na sasa Chrome ina tabo kibao, Excel ipo, Zoom inaendelea na wala haigandi. Kabla ya hapo kuhama tu kutoka Excel kwenda Chrome unasubiri weee, maana RAM ikijaa Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski hata iwe SSD (ile ya kisasa isiyozunguka) haifikii spidi ya RAM.

Ila niseme ukweli, kuwaka inawaka vilevile, hiyo ni kazi ya SSD. Kama bado una hard disk (ile diski ya zamani inayozunguka) anza na SSD kwanza, RAM itafuata. Na kama una 8 tayari na kazi zako ni Word na YouTube tu, tunza hela yako, hutaona kitu.

Kabla hujanunua fungua programu zako za kila siku zote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, ingia Performance halafu Memory uone imejaa kiasi gani, na hapohapo inakuonyesha sloti ngapi zimetumika. Angalia pia aina ya RAM, DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, hata usilazimishe. Na hizi laptop nyembamba nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi kabisa, kwa hiyo hizo kata shauri la GB siku ya kununua.